Nilivyomrusha Shemeji Angani

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa mtu wa kwanza kuingia karakana ya mabomba ya chuo chetu na wa mwisho kutoka, na kwa miaka hiyo yote cheo changu kimekuwa msaidizi. Usaidizi wenyewe ni hivi: mkufunzi mwenye cheti anasimama mbele ya wanafunzi, anawaeleza jinsi ya kuunga bomba, kisha anakwenda kunywa chai. Mimi nabaki kuwaonyesha jinsi bomba linavyoungwa kweli. Wanafunzi wananiita Koki. Wakufunzi wananiita Koki. Barua ya kunijulisha kwamba nimeshindwa mtihani wa ukufunzi kwa mara ya pili ilianza kwa jina langu kamili, ndipo nikajua mambo ni mabaya.

Mtihani huo hauhusu mabomba. Wangeniuliza mabomba ningewafundisha mpaka waombe ruhusa ya kwenda kwao. Kanuni ya chuo inasema kila anayetaka kuwa mkufunzi, awe wa ushonaji au wa magari, lazima afundishe somo moja la hisabati au sayansi mbele ya jopo la watu watatu, kwa dakika ishirini, kwa mada aliyoiokota mwenyewe kutoka kwenye kopo. Kopo kweli, la maziwa ya unga, bado lina picha ya ng'ombe.

Mara ya kwanza niliokota sehemu na desimali. Nilikwenda vizuri tu mpaka mkuu wa taaluma, ambaye chuo kizima tunamwita Mama Taaluma, aliponiuliza swali ambalo sikuliandaa. Mdomo ukaniganda. Nikamtazama, akanitazama, saa ya ukutani ikatutazama sote wawili. Mara ya pili niliokota pembetatu, nikaapa kwamba safari hii hakuna wa kuniuliza kitu. Niliwapa mgongo nikasoma daftari langu kuanzia jalada hadi jalada. Nilipogeuka, mwenyekiti wa jopo alikuwa anavua miwani yake taratibu, kama daktari anayejiandaa kuzungumza na familia.

Kanuni hiyo hiyo inasema mara tatu basi. Ukianguka ya tatu, unabaki msaidizi mpaka siku ya kustaafu, unawashikia wenzako funguo za mabomba huku wakiwaambia vijana mambo ambayo kesho yatawalowesha.

Mara ya tatu kikaratasi changu kilisema: "Historia ya mwendo, kutoka Wagiriki wa kale hadi Newton." Nikakisoma mara mbili. Nikakigeuza nyuma, labda kuna msaada. Nikamwomba katibu niokote kingine, akafunika kopo kwa kiganja na kuniambia nina wiki tatu.

Nikaenda kwa dada yangu. Si kwa ajili ya dada mwenyewe, ambaye hisabati yake inaishia kwenye kupunguza umri wake, bali kwa ajili ya binti yake, mwalimu wa fizikia wa sekondari. Mpwa wangu huyu amerithi jina la mama yetu, kwa hiyo tangu anatambaa mimi namwita Mama, naye cheo hicho amekichukulia kwa uzito kuliko nilivyotarajia. Nilimkuta sebuleni anasahihisha madaftari. Nikamwekea kikaratasi juu ya daftari la mtoto wa watu. Akakisoma, akaanza kutabasamu, na mimi nilikuwa nimekwenda pale kuhurumiwa.

"Mjomba," akasema, "umewahi kuendesha roketi?"

Nikamwambia nimewahi kuendesha baiskeli isiyo na breki, kama inahesabika.

"Inahesabika sana. Kesho saa tisa nakuja karakana. Na usinunue kitabu chochote."

Akaja na kompyuta yake ya mkononi. Akaitafutia nafasi kwenye meza yangu ya kazi, kati ya jiliwa la kubania mabomba na sanduku la koki mbovu, lakini kwanza akapuliza unga wa chuma uliokuwa mezani na kuniambia kwamba punje moja tu ikiingia kwenye kibodi atamwambia mke wangu kila kitu. Sikujua kila kitu ni kipi, ila nilifuta meza mara mbili.

Ulikuwa mchezo wa roketi. Unajenga chombo mwenyewe: tangi la mafuta hapa, injini hapa, kichwa hapa. Unamweka rubani ndani, unarusha, na pembeni mwa skrini unaona uso wa huyo rubani ukikutazama muda wote. Macho ya mviringo, mashavu yamejaa kama ametia kitu mdomoni na hataki kugawana. Nikacheka mpaka nikashika meza. Mke wangu ana kaka mmoja, mtu mwema, hajawahi kunikosea neno, lakini uso ndio ule. Tangu dakika hiyo rubani wetu akaitwa Shemeji.

Sasa, mpwa wangu ana utaratibu wake wa kufundisha, na hakuubadilisha hata nilipombembeleza. Wiki ya kwanza, alisema, utarusha chombo kwa akili ya watu wa kale peke yake. Kama unajua kitu kilichogunduliwa baadaye, kimeze. Utakosea kosa lao lile lile mpaka likuume, na likishakuuma ndipo nitakutajia aliyelisahihisha. Jina linalokuja kabla ya kosa ni la kukariri, na kukariri kumekufikisha mara mbili unakokujua mwenyewe. Mtoto niliyemfuta makamasi, huyo.

Basi akanirudisha nyuma miaka elfu mbili na mia tatu. Akaniambia: wewe unaamini kitu hakiendi bila kusukumwa. Mkokoteni ukiuacha unasimama, kwa hiyo kila kinachokwenda kina wa kukisukuma. Nikamwambia sihitaji kuigiza, hivyo ndivyo ninavyoamini. Nikamrusha Shemeji kuelekea mwezini huku nimeshikilia kitufe cha injini kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Njia haijafika nusu, mafuta kwisha. Nikasema basi, sasa atasimama, tufikirie namna ya kumfuata. Tukasubiri. Hakusimama. Aliupita mwezi na uso wake ule ule, akaendelea. Nikaenda kufunga maji ya choo cha wanafunzi kilichokuwa kinavuja, nikarudi, bado anakwenda.

"Atasimama lini huyu?" nikauliza.

"Nani wa kumsimamisha?"

Nikatafuta. Hewa hakuna. Barabara hakuna. Hakuna hata ukuta wa kujikwaruza. Nikaona kweli kwamba Shemeji atakwenda hivyo siku zote za maisha yake, kwa ujinga wangu, na kitu kikanichoma. Hapo ndipo mpwa wangu akanitajia Aristotle, aliyefundisha kwamba mwendo unahitaji msukumaji, na Galileo, aliyekuja karibu miaka elfu mbili baadaye, akaviringisha mipira kwenye ubao ulioinama, akatambua kwamba vitu havisimami kwa kuchoka, vinasimama kwa kuzuiwa. Majina hayo sijayasahau na sitayasahau. Nimempoteza ndugu wa mke wangu kwa ajili yake.

Wakati wa chakula mke wangu akauliza siku imekwendaje. Nikamwambia nimemuua kaka yake mara nne, mbili kwa moto. Akaweka kijiko chini, akataka kujua amenikosea nini. Nilipomweleza akacheka, lakini kesho yake niliporudi neno la kwanza lilikuwa "Leo amefika?", na kesho kutwa nikamsikia yuko kwenye simu na kaka yake mwenyewe, anamsimulia vifo vyake kimoja baada ya kingine. Shemeji wa kweli alituma ujumbe kwamba hana kinyongo, ila anaomba chombo chenye kiti kizuri.

Wiki ya pili nilikuwa nimeshajua kumfikisha juu na kumfanya azunguke. Mpwa wangu akanipa chaki. Akasema, mtu wa kale, chora mezani njia anayopita chombo chako. Nikachora duara, la kupendeza, maana nimechora maduara maisha yangu yote. Akanisifu: hivyo ndivyo walivyochora wataalamu wote kwa karne nyingi, kwamba mambo ya mbinguni ni makamilifu na duara ndilo umbo kamilifu, basi. Kisha akabonyeza kitufe na skrini ikaonyesha njia yenyewe. Haikuwa duara. Ilikuwa imevutika upande, kama duara lililokaliwa.

Nikaitazama. "Hili nalijua," nikasema.

Akasema haiwezekani, hilo ni la wiki ijayo.

Nikamwambia mimi silijui la wiki ijayo, ila hili nimelikata jana. Nikachukua kipande cha bomba la chuma, nikalibana kwenye jiliwa, nikashika msumeno, nikalikata mshazari, kama unavyolikata kwa kiungo cha pembe. Nikapiga tupa kidogo kwenye kingo, nikalisogeza mpaka kwenye skrini. Mdomo wa bomba ukakaa juu ya njia ya Shemeji kama kifuniko kilichotengenezewa sufuria yake. Bomba lenyewe ni duara, ulikate wima utapata duara, ulikate kwa mshazari utapata hilo. Miaka ishirini na sita nalikata umbo hilo, sikuwa najua lina jina.

Mpwa wangu akalichukua bomba, akapitisha kidole kwenye kingo zake. Kisha akasema linaitwa duaradufu, na kwamba Wagiriki walilipata hivyo hivyo, kwa kuwaza kukata maumbo mshazari, wakaandika vitabu vizima juu yake, wakaliacha hapo. Likakaa miaka elfu moja na mia nane hivi bila mtu kulihitaji kwa ajili ya sayari. Akanihadithia habari za Kepler, aliyepigana na njia ya sayari ya Mirihi miaka na miaka. Alikuwa na duara lililokaribia kabisa. Lilikosea kwa upana wa robo ya mwezi mpevu tu, unavyouona angani. Mtu mwingine angesema inatosha. Yeye alibomoa kazi yote akaanza upya, mpaka akaifikia duaradufu.

Nikasema huyo alikuwa fundi. Kuna mafundi wanaoweka ndoo chini ya tone, na kuna fundi anayebomoa ukuta mzima kwa ajili ya tone moja. Nikaomba anieleze yote ya Kepler. Alinieleza mpaka mlinzi akaja kugonga mlango: kwamba sayari ikiwa karibu na jua inakimbia na ikiwa mbali inajikokota, na kwamba ukiwa mbali zaidi, mzunguko wako unachelewa kuliko hata umbali wenyewe ulivyozidi. Mara nne mbali, mara nane muda. Nilirudia hesabu hiyo njia nzima kurudi nyumbani, kwa sauti, watu wakinipisha.

Wiki ya tatu ilikuwa ya Newton, na hiyo ilinifurahisha kuliko zote, kwa sababu ilinionyesha kwamba Shemeji haelei kule juu. Anaanguka. Anaanguka muda wote, ila anakwenda mbele kwa kasi mno hata kila anapoanguka anaikosa ardhi. Nilimwambia mpwa wangu hiyo ndiyo habari ya maisha yangu, akaniambia nirudi kwenye somo.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa mikutano. Viti vya plastiki, meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, projekta ikimulika ukuta mweupe wenye ufa, kwa hiyo anga yetu ilikuwa na ufa kuanzia juu mpaka kwenye swichi ya taa. Jopo lilikuwa lile lile. Mwenyekiti, mkuu wa idara ya magari, mtu wa kutazama saa. Mama Taaluma na penseli yake iliyochongwa mpaka inatisha. Na mzee mmoja mstaafu aliyefundisha fizikia enzi zake, anayeitwa kwa kazi kama hizi kwa sababu hana haraka. Mpwa wangu aliruhusiwa kukaa kwenye kompyuta kama msaidizi wangu, kwa sharti kwamba asitamke neno. Nikaona chuo hiki kina ucheshi: mimi niliyekuwa msaidizi leo nina msaidizi, tena mwenye shahada.

Nilianza. Niliwafanya watu wa kale, wote watatu. Nilimwambia mwenyekiti ashikilie injini mpaka mafuta yaishe, nikamwuliza Shemeji atasimama lini, akajibu kwa uhakika wa mtu wa magari kwamba atasimama sasa hivi. Nikamwacha asubiri. Nilichora duara, nikalibomoa. Sauti yangu ilikuwa inatoka yenyewe. Dakika ya kumi na nne nilikuwa na Newton mkononi na nikaanza kuona mwisho, ule mwisho mtamu, kama unapofungua maji baada ya kazi na kiungo hakitoi hata jasho.

Mama Taaluma akanyoosha penseli ukutani. "Hicho kingine ni nini?"

Nikageuka. Kwenye njia ya chombo changu, mbele kidogo, kulikuwa na nukta ya pili. Nikamtazama mpwa wangu. Alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Kumbe katika kufungua na kufunga alifungua mchezo wake mwenyewe, ule anaoucheza kwao, na ndani yake kulikuwa na kituo alichokijenga na kukiacha kikizunguka. Hakikuwamo katika masomo yetu. Sikuwahi kukiona.

Nikasema ni kituo cha angani, cha kupumzikia, nikajaribu kurudi kwa Newton.

"Nataka kuona chombo chako kikikifikia," akasema. "Kiko kilomita nane tu."

Swali ambalo sikuliandaa. Nilihisi mdomo unaanza, ule ubaridi wa pembeni mwa ulimi. Nikajikaza. Nikajiambia, kitu kiko mbele yako, unataka kukifikia, unafanyaje, hata mtoto anajua. Nikaelekeza pua ya chombo kwenye kituo na nikawasha injini.

Kilomita nane zikawa saba. Zikawa sita. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika. Zikawa tano na nusu, zikakaa hapo kidogo kama zinafikiri, kisha zikawa sita. Saba. Kumi. Nikaongeza moto. Kituo kikazidi kukimbia. Kumi na tisa. Thelathini. Nukta ikatuacha, ikapotelea upande wa pili wa sayari, na Shemeji akapanda juu, juu, pale ambapo hakuna mtu aliyemtuma.

Mwenyekiti akapeleka mkono kwenye miwani.

Mama Taaluma hakuandika kitu. Alinitazama tu, si kwa ubaya. "Hilo kosa ulilipanga?"

Sikiliza, mlango ulikuwa wazi. Wiki tatu nimefundishwa kwa makosa ya kupangwa, na dakika kumi na nne nimelifundisha jopo kwa makosa ya kupangwa. Ningesema ndiyo, wangeandika ndiyo, ningefunga daftari na kuwashukuru. Neno lilikuwa mdomoni, limeshavaa viatu. Ila nilijua swali la pili lingekuwa "kwa nini", na la pili sikuwa nalo. Na hata ningekuwa nalo, nimekaa miaka kumi na moja nikiwasikia watu wakiwaambia wanafunzi kwamba maji yanavuja kwa mpango.

"Hapana, mama," nikasema. "Nimekosea kweli. Na kwa nini, sijui bado. Naomba nitafute hapa hapa."

Mwenyekiti akatazama saa na kusema zimebaki dakika nne. Mzee mstaafu akasema zinatosha kwa mtu anayetafuta.

Nikachukua chaki. Duara langu lilitoka kama duaradufu lenyewe, nikasema hewala, hilo ndilo ninalolitaka. Nikaanza kuongea na ubao kama ninavyoongea na ukuta unaovuja na sijui maji yanatoka wapi. Hapa nilikuwa mimi. Hapa kituo. Nikasukuma mbele. Nikisukuma, naanguka kwa mbali zaidi, kwa hiyo njia yangu upande wa pili inapanda. Ikipanda, imekuwa kubwa. Nikasimama. Nikarudi nyuma kwenye hesabu iliyonifanya watu wanipishe njiani. Njia kubwa, mzunguko unachelewa. Unachelewa kuliko umbali ulivyozidi.

"Kumbe nimemkimbiza kwa kuchukua barabara ndefu," nikasema. "Kila nikiongeza moto, naongeza barabara."

"Enhe," akasema mzee, akasogeza kiti.

"Kwa hiyo nikitaka kumfikia aliye mbele yangu..." Nikasita, kwa sababu neno lililokuwa linakuja lilikuwa la kichaa. "Napunguza mwendo."

Mwenyekiti akacheka waziwazi. Akasema ana madereva wanafunzi arobaini, na siku atakapowaambia wakitaka kumpita aliye mbele wapunguze mwendo, siku hiyo chuo kifungwe. Nikamwambia, mwenyekiti, dereva wako hashuki chini akipunguza, Shemeji anashuka. Akipunguza anaanguka kidogo, akianguka kidogo njia inakuwa fupi, njia ikiwa fupi anakimbia, anapita chini kwa chini na kumtokea mwenzake kwa mbele kama mtu aliyekatiza uani. Mama Taaluma akauliza Shemeji ni nani. Nikamweleza. Aliandika kitu, na mpaka leo sijui aliandika nini.

Nikageukia kompyuta, nikamwelekeza Shemeji nyuma, nikagusa injini. Nilikwenda taratibu, maana ukipunguza mno hewa inamlamba, na vifo vya moto nilishavimaliza. Mpwa wangu akaharakisha saa ya mchezo bila kuambiwa, ila midomo ameibana kama jiliwa. Mzunguko wa kwanza: kilomita mia mbili. Mwenyekiti akasema naona. Mzunguko wa pili: sitini. Zikawa thelathini. Hakuna aliyekuwa anatazama saa. Zikawa kumi, nne, moja, na nukta kwenye ukuta ikaanza kuwa na umbo, mabawa yake mawili ya kuvuna jua, mlango, taa. Nikampandisha Shemeji kidogo, nikaulinganisha mwendo wake na wa kituo. Mita mia nne. Akabaki pale, kando ya kituo, na mashavu yake, kama mtu aliyefika nyumbani kwa watu na anasubiri kukaribishwa.

Mzee mstaafu ndiye aliyeongea kwanza. Akasema wakati yeye kijana, miaka ya sitini, rubani wa kweli katika chombo cha kweli alijaribu kulifikia ganda tupu la roketi yake mwenyewe, akaelekeza pua na kuwasha moto kama nilivyofanya, likamkimbia kama lilivyonikimbia. Akaunguza mafuta mpaka wakamwambia aache. "Na huyo walikuwa wamemsomesha," akamalizia, akanipigia makofi matatu, makavu, ya mzee.

Nilitaka kumalizia na Newton. Nilikuwa bado nina sentensi mbili nzuri za mwisho, nimezifanyia mazoezi mbele ya kioo. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshainuka. Alizunguka meza yenye kitambaa cha kijani, akasimama nyuma ya mpwa wangu, akasema, binti, hebu sogea kidogo, nataka kuhakikisha jambo. Akakaa. Akamwuliza kitufe cha kugeuzia pua ni kipi. Mpwa wangu akanitazama kuuliza kama sharti la kutotamka neno bado lipo, nikamwambia amwonyeshe kwa kidole.

Mwenyekiti akamtoa Shemeji kando ya kituo, akamrudisha nyuma kilomita kadhaa, akaelekeza pua mbele na akawasha injini yote. Alikuwa haniamini, unaona. Kituo kikamkimbia. Akarudia. Kikamkimbia tena. Mama Taaluma akamwambia punguza, mwalimu amesema upunguze, akajibu anajua, ila anataka ajaribu mara moja ya mwisho kwa njia ya kawaida. Mzee akaweka kiti chake upande wa pili wa kompyuta akasema inayofuata ni zamu yake. Mpwa wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, nikadhani ni kwa bahati mbaya, akanikanyaga tena, na ndipo nikalisikia lile neno ambalo Mama Taaluma alikuwa amelitamka: mwalimu.

Kundi la pili la mtihani, mshonaji mmoja na fundi seremala mmoja, walikuwa wanachungulia mlangoni tangu saa tano. Mama Taaluma alikumbuka kwamba kuna kazi. Akajaza fomu yangu kwa mwandiko wake mdogo, akatia alama penye "amefaulu", akaweka sahihi, akaipeleka kwa mzee akaweka ya kwake, akaisogeza mbele ya mwenyekiti na kumpa kalamu. Mwenyekiti aliipokea kwa mkono wa kulia bila kugeuza macho. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye kitufe, Shemeji alikuwa kilomita mbili kutoka kituoni na anakaribia, kwa mwendo mkubwa mno kama ungeniuliza, lakini hakuniuliza. Sahihi yake ilianza vizuri kwenye mstari wake. Ilipofika katikati, kituo kikapita mbele ya pua kwa kishindo cha mwanga, mwenyekiti akajivuta upande kama mtu aliyekwepa lori, na kalamu ikajivuta naye, ikavuka fomu, ikavuka ukingo wa karatasi, ikaishia kwenye kitambaa cha kijani.

Fomu hiyo ninayo. Katibu alitaka ijazwe upya, ionekane safi. Nikakataa.